Mbao Walizotafuna Farasi

Msumari wa kwanza ulipong'olewa katika zizi letu nilikuwa jikoni, nimevaa nguo nyeupe za eda, nachagua mchele. Msumari mkongwe ukitolewa kwenye mti mkavu hulia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nilijua kwamba mafundi watakuja. Shemeji yangu anayekaa Ansab alikuwa amekwisha kunieleza, kwa upole, kutoka ng'ambo ya pazia. Hata hivyo nilikaa pale na punje za mchele vidoleni mpaka wifi yangu akaja kuniuliza kama naumwa.

"Siumwi," nikamwambia. "Wameanza."

"Nimewasikia. Hata jirani kiziwi amewasikia."

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Alihamia kwangu siku ya msiba na hakuondoka mpaka eda ilipokwisha. Yeye ndiye aliyekuwa akifungua mlango, akipokea wageni na kunipelekea salamu, kwa sababu mimi sikuwa natoka, wala sikuwa nakaa na wanaume wasio maharimu zangu. Ndivyo tulivyolelewa. Wapo siku hizi wanaosema si lazima iwe kali hivyo. Sikutaka kubishana nao. Kukaa ndani kulinifaa.

Nyumba yetu iko Al Khoudh ya zamani, hapa Maskati, upande wa wadi, yaani bonde la mto mkavu, na zizi liko nyuma yake, ukuta mmoja tu katikati. Lilijengwa na babu yake mume wangu. Ukiingia unaona kwamba jengo ni miti. Nguzo nene zimesimama mistari miwili, juu yake kuna mihimili, na juu ya mihimili kuna boriti za mikoko zilizoletwa kutoka pwani ya Afrika zamani hizo. Kuta za udongo zilijazwa baadaye baina ya nguzo. Ukuta ukibomoka paa halitikisiki. Mume wangu alipenda kuwaambia wageni kwamba mimi na paa lile tumetoka sehemu moja, ila paa halilalamiki joto. Nilizaliwa Unguja nikaletwa Maskati nikiwa msichana, na kweli nililalamika sana.

Niliishia darasa la sita. Kiarabu cha kuandika hakikuniingia vizuri, ndiyo maana nayaandika haya kwa Kiswahili cha nyumbani.

Mume wangu hakuwa tajiri wa farasi. Alikuwa saisi, yaani mtunza farasi. Wenye farasi walimletea akawatunza katika zizi la babu yake, akawapiga brashi, akawatembeza wadini alfajiri, akawarudisha kwao wakati wa mashindano na wakati wa harusi. Wawili watatu walikuwa wake mwenyewe. Aliongea nao Kiswahili. Nilipomuuliza kwa nini hawasemeshi Kiarabu, alisema Kiarabu wanaambiwa na wenyewe wakati wa kugombezwa.

Zizi lilikuwa na vyumba sita, na mbele ya kila chumba kulikuwa na ubao mpana, mrefu, wa kufika kifuani kwa farasi. Hapo ndipo farasi alipotoa kichwa kutazama nje. Na farasi akichoka kusimama hutafuna mbao. Hutafuna kwa kuchoshwa, kama mtu anavyokula kucha. Kila mmoja ana namna yake. Yupo aliyekwangua juu juu, yupo aliyekata kwa meno mpaka ubao ukawa na mabonde. Mume wangu alikuwa akipitisha kiganja juu ya ubao na kukwambia chumba hiki alilala nani, na baada yake alilala nani.

Dawa ya kutafuna mbao ni pilipili. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu tangu mwaka nilioolewa. Nilitwanga pilipili kavu, ile ndogo kali, nikaichemsha ndani ya mafuta ya simsim kwa moto mdogo mpaka nyumba nzima ikapiga chafya. Yeye alichovya kitambaa akasugua mbao zote sita. Kisha alisahau, akajifuta jasho, akarudi kwangu jicho moja limefumba na machozi yanamtiririka, nami nikawa nacheka huku natafuta maziwa ya laban ya kumpaka. Sijui nilimwambia mara ngapi: "Nawa mikono kabla hujashika macho." Alijibu, "Nimesikia, mama," na wiki ya pili yake akarudi vilevile.

Miaka ikaenda. Watu walijenga mazizi ya kisasa, yenye feni na sakafu ya mpira, wakawahamisha farasi wao. Wetu wakazeeka. Alibaki jike mmoja wa kijivu, mkaidi, aliyependa kula maganda ya ndizi mkononi mwangu. Naye akafa. Siku moja baadaye mume wangu akaja jikoni akaniuliza kama kuna pilipili. Nikatwanga. Akaenda akazisugua mbao za zizi tupu. Akarudi jicho limefumba.

Tukaendelea hivyo mpaka alipofariki. Mimi sikuuliza na yeye hakueleza. Mara moja tu alisema, bila kuulizwa, kwamba mbao zinapenda mafuta.

Alifariki asubuhi kwa ugonjwa wa moyo, kabla ya chai. Watu waliokuja kuhani walisema nina subira. Sikuwa na subira. Machozi yalikuwa hayaji tu. Niliona haya kuwasahihisha, nikainamisha kichwa, nao wakazidi kuniombea.

Zizi lilikuwa la ndugu wote, si langu, na shemeji alifanya sawa kulipangisha. Jengo tupu huliwa na mchwa. Aliyelikodi ni msichana wa hapahapa Al Khoudh, mama yake tunajuana, anayetaka kufungua mgahawa wa kahawa kwa ajili ya wanafunzi na walimu wa chuo kikuu. Alikuja kunisalimia kwa adabu, akaleta halua, akakaa chini karibu yangu. Alisema ataziacha nguzo na boriti zote, kwa sababu ndizo alizozipenda. Zile mbao za mbele ya vyumba atazing'oa, azipige msasa ziwe laini, aziunganishe ziwe meza moja ndefu ya kukalia wateja.

"Zimeharibika sana juu," akasema. "Zimeliwa."

"Ndiyo," nikasema. "Zimeliwa."

Alipoondoka nikamwambia wifi kwamba katika dunia nzima, baada ya aliyekwenda, ninachokitaka ni mbao zile zibaki na alama za meno ya farasi wake. Wifi akaniuliza mbona sikumwambia mwenyewe. Nikamjibu kwamba mtoto wa watu amelikodi zizi kwa haki. Nitamwambiaje abadilishe meza ya mgahawa wake kwa ajili ya meno ya farasi waliokufa?

Kazi ikaanza, nami nikawa naisikia ukutani. Mafundi wengi walikuwa Wabangali, na msimamizi wao alikuwa Mkenya, mtu mzima mwenye sauti nzito. Wote walikuja asubuhi kwa basi kutoka kambi ya wafanyakazi huko Rusayl. Mkenya aliwaambia kila kitu mara mbili, mara moja kwa Kiarabu cha kazini na mara moja kwa Kiswahili, ingawa Kiswahili hawakukijua hata mmoja. Wifi alimpenda kwa hilo. Alisema anaongea nao kama mume wangu alivyoongea na farasi.

Siku waliyowasha mashine ya msasa, sauti haikudumu. Iliunguruma, ikakatika, watu wakakohoa. Ikaunguruma tena, watu wakapiga chafya na mmoja akaanza kupiga kelele. Wifi alipanda ngazi ya darini kuchungulia, akashuka anacheka.

"Wanalia," akasema. "Wote. Wamekaa chini ya nguzo kama watu waliofiwa."

"Wana nini?"

"Nitajuaje? Wanajifuta macho, na wakijifuta wanazidi."

Mchana ule habari ilikuwa imekwisha kuzunguka. Msichana wa Kiganda anayefanya kazi nyumba ya jirani ndiye aliyemletea wifi. Mafundi wanasema zizi lina jini. Mwenye kugusa mbao za farasi anashikwa na kilio, mikono inamuwaka, na hana jeraha. Wanasema ni jini la mwenye farasi, halitaki mbao zake ziguswe. Wifi alinisimulia huku ananitazama usoni kwa jicho la pembeni. Mimi nilikuwa nakunja nguo. Nilisikia kitu kikitaka kunijia kichwani lakini hakikufika. Sikuwa na akili nzuri siku zile.

Kilifika baada ya sala ya alasiri. Mmoja wa mafundi, Mwislamu mwenye huruma, alisema njia ni kulifukiza jengo. Wakaleta chetezo na makaa, wakatia ubani, na kwa kuwa mahali pa kufukizwa huwa panafagiliwa kwanza, wakafagia. Wakakusanya unga wote wa mbao uliotoka kwenye msasa, na ili jini lisiachiwe hata chembe ya kukalia, wakaumwagia juu ya makaa.

Moshi ulivuka ukuta ukaingia jikoni kwangu. Niliujua kabla sijavuta pumzi ya pili. Ulikuwa ule ule wa sufuria yangu, mafuta ya simsim na pilipili kali inapokaribia kuungua. Ng'ambo ya ukuta watu walikuwa wanakimbia. Tulisikia ndoo ikianguka, na Mkenya akimwita Yesu kwa sauti ya juu, na mtu mwingine akitapika. Wifi alikuwa amejifunika pua kwa ukaya wa kichwani.

"Subhanallah," akasema. "Hii si..."

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo yenyewe."

Hapo hapo ikapigwa hodi mlango wa nyuma. Wifi akaenda kufungua, mimi nikasimama nyuma ya pazia.

"Shikamoo mama," ilikuwa sauti ya Mkenya, imekauka. "Mimi ni fundi wa hapo. Samahani kuwasumbua na nyinyi mko na matanga."

"Marahaba. Mbona macho yako hivyo?"

"Ndiyo hayo yamenileta. Mama, mimi ni mtu wa kanisa, haya mambo siyaelewi. Lakini nyinyi ndio wenyewe. Naomba mniambie ukweli. Hapo ndani kulifanyika nini?"

"Walilala farasi. Ulitaka kufanyike nini?"

"Farasi peke yake?"

"Na mavi yao."

Mkenya hakucheka. "Vijana wamekataa kuingia kabisa," akasema. "Na huyu dada mwenye mgahawa amesema kama hapa ni mahali pa mambo hayo, basi yeye anaacha, atatafuta jengo lingine. Wateja hawawezi kukaa mahali wanalia. Nimemwambia angoje kidogo niwaulize wenyewe."

Wifi akamwambia asubiri. Akarudi ndani, akanishika mkono, akanivuta mpaka kwenye kona ya jiko kana kwamba Mkenya angetuona kupitia ukutani.

"Umesikia?" akanong'ona. "Anaacha."

"Nimesikia."

"Basi nyamaza. Sikwambii useme uongo, mimi na wewe hatusemi uongo. Nakwambia nyamaza tu. Kesho hawapo, na mbao zako zipo."

"Wanalia kwa pilipili yangu."

"Watanawa."

"Watu watasema kuna jini."

"Waseme. Jini halipangishwi."

Nilizitaka zile mbao. Naandika hivi nilivyokuwa, sitaki kujipamba. Niliona kabisa namna mambo yatakavyokwenda nikinyamaza. Mashine itaondoka, mlango wa zizi utafungwa, na mimi eda ikiisha nitakwenda kukaa mle na kupitisha kiganja changu palipopita chake. Hakuna ambaye angejua. Ilikuwa karibu sana.

Kisha nikamfikiria yeye. Jini haliwi bila mwenyewe. Wangesema saisi yule alikuwa akifuga kitu mle ndani, ndiyo maana farasi walimtii, ndiyo maana aliongea nao lugha ya Afrika. Mtu aliyekuwa akirudi jicho limefumba kwa sababu hakunawa mikono angefanywa mchawi kaburini, kwa kimya changu. Nikautoa mkono wangu katika mkono wa wifi, nikarudi nyuma ya pazia.

"Fundi," nikasema.

"Naam, mama."

"Hakuna jini. Hiyo ni pilipili."

Nikamsikia akipiga chafya.

"Pilipili gani, mama?"

"Pilipili kavu na mafuta ya simsim. Tulikuwa tukizipaka mbao ili farasi wasizitafune. Natwanga mwenyewe."

"Mnapaka tangu lini?"

"Tangu nilipoolewa."

Nikasikia kitu kama mtu anayekohoa, kumbe anacheka na kulia kwa pamoja. "Ai, mama," akasema. "Tumekemea mapepo tangu asubuhi, kumbe ni mchuzi."

Wifi, ambaye alikuwa amenikasirikia, akashindwa kujizuia, akaegemea mlango akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka nyuma ya pazia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu msiba, nikaziba mdomo.

Nikamwambia maji matupu hayatoi pilipili. Wapake mafuta ya kula kwanza mikononi, ndipo wanawe kwa sabuni, na macho wapake laban. Wifi akawapelekea mitungi miwili, mmoja wa mafuta na mmoja wa laban. Mkenya akashukuru, akasita.

"Sasa zile mbao, mama. Tuzifanye nini?"

Neno lilikuwa mdomoni kwangu. Angeweza kulifikisha, na yule msichana pengine angekubali siku ile, kwa aibu tu ya kutuletea habari za majini. Lakini nilimwambia ukweli kwa sababu ulikuwa ukweli. Nikiufuatisha na ombi ungekuwa kitu kingine.

"Hilo mwulize aliyekodi," nikasema. "Mwenyewe ni yeye."

Wifi hakusema nami mpaka wakati wa chakula cha usiku. Kisha akanisogezea kipande cha samaki chenye nyama nyingi, nikajua amenisamehe.

Mashine ya msasa haikuwashwa tena. Walitumia randa ya mkono, kwa sababu haitimui vumbi, na sauti yake ni ndogo, kama mtu anayevuta miguu kwenye mchanga. Niliisikia siku nyingi. Kila ilipopita nilijua kuna jino linaondoka. Baadaye ikanyamaza, wakaja watu wa umeme, wakaja watu wa vioo, na mgahawa ukafunguliwa mimi nikiwa bado ndani.

Eda ilipokwisha, wifi alinikogesha, akanivisha nguo ya rangi, akanifukiza udi. Tulikwenda kwa jamaa kwanza, kama inavyostahiki. Siku iliyofuata, asubuhi, akanishika mkono akanizungusha mpaka mlango wa zizi. Nilikuwa nimezoea kuingia kwa mlango wa nyuma. Huu wa mbele sasa ni kioo.

Nitasema haki yake. Ni pazuri. Nguzo zimesafishwa zimeachwa na rangi yao, boriti zinaonekana zote hadi mwisho, na mwanga unashuka baina yake kama zamani. Vyumba vya farasi vimekuwa vibaraza vya kukalia. Palipolala yule jike wa kijivu walikaa wanafunzi watatu na kompyuta zao. Harufu ni ya kahawa na maziwa ya moto. Katikati, kutoka ukuta hadi ukuta, imesimama meza ndefu ya mbao zetu, laini, inang'aa, hata uso unauona.

Nilisimama mbele yake nikaitazama. Sikuona hata jino moja.

Msichana mwenye mgahawa alitoka nyuma ya mashine yake akanibusu kichwani. "Karibu, mama. Nimekungoja." Akanikalisha kwenye kiti kirefu ambacho miguu haigusi chini, na wifi akapanda cha pili huku anasema kwamba umri wake si wa kupandishwa juu kama kuku. Tukaletewa kahawa. Nilishika ukingo wa meza ili nisianguke, na vidole vyangu vikapita chini yake.

Palikuwa na mabonde.

Niliviacha vidole pale. Kisha nikavisogeza polepole kuelekea kulia, na mabonde yakaendelea. Mahali pengine yalikuwa mapana, mahali pengine yamekwanguliwa tu. Yule msichana aliona ninachofanya.

"Fundi alisema akizichonga mpaka meno yaishe zitabaki nyembamba kama biskuti," akasema. "Basi akazigeuza. Mnaouona juu ni upande wa nyuma. Upande ulioliwa uko chini. Wala hakuupaka rangi."

Randa niliyoisikia siku zote zile ilikuwa ikichonga upande ambao farasi hawakuugusa. Sijui kama Mkenya aliwaza mbao tu au aliniwaza na mimi. Kazi yake ilikwisha akaondoka, na sikupata kumwuliza. Napenda kufikiri alitaka meza imara, kama fundi anavyotakiwa.

Niliendelea kupapasa mpaka nikalifikia bonde moja refu lenye ncha mbili, nikamjua. Ni yule wa kijivu. Alikuwa na jino lililovunjika.

Wifi alikuwa akiongea. Sikumsikia. Kulikuwa na msichana mfanyakazi, Mkenya mdogo mwenye aproni ya kahawia, anafuta meza. Alikuwa na bidii. Alipomaliza juu alichuchumaa, akafuta na chini, kwa nguvu, kitambaa kikikwama kwenye meno. Kisha akasimama, akaupandisha mkono kufuta jasho usoni.

"Binti," nikasema. "Nawa mikono kabla hujashika macho."

Akaniangalia, akaangalia mkono wake. "Sawa, mama," akasema, akaenda kunawa.

Wifi akaniwekea kiganja mgongoni, akakiacha hapo, na mimi nikalia, mikono yangu miwili ikiwa bado chini ya meza, mpaka kahawa ikapoa.